Achari ya Harusi: Tamu, Chachu na Kali Ndani ya Chupa Moja

Tende, zabibu kavu, embe kavu, siki na viungo. Saa moja tu jikoni, mikono minne, na wali maharage wa katikati ya wiki hautakuwa tena ule mliouzoea.

Jumatano, saa mbili kasoro usiku. Foleni imekumaliza, na mwenzi wako ndiyo kwanza anavua viatu. Kwenye friji kuna wali wa jana na maharage ya juzi. Kinachofuata mnakijua wote wawili. Mmoja anauliza, "Tunakula nini?" Mwingine anajibu, "Chochote tu." Baada ya dakika kumi simu imeshapigwa, chipsi kuku ziko njiani, na bajeti ya mwezi imetobolewa tena.

Ukweli ni kwamba nyumba nyingi za vijana wanaofanya kazi hazikosi chakula. Chakula kipo, ila hakina mvuto. Ukimpa mtu wali ule ule kwa siku ya tatu, hata kama anakupenda vipi, ataanza kukumbuka kibanda cha chipsi. Na mkianza kula nje kila jioni, kinachopotea si mshiko peke yake. Inapotea ile nusu saa ya kukaa meza moja, mkaongea mambo yenu bila mhudumu kusimama pembeni.

Watu wa pwani walishapata jawabu lake zamani. Hawabadilishi chakula kizima, wanabadilisha kijiko kimoja kinachokaa pembeni ya sahani. Kijiko hicho ni achari.

Achari ipi unayoisema?

Hapa tuelewane kwanza, maana neno hili lina mambo. Mwambie mtoto wa shule wa Mombasa "achari" na atakunyooshea mkono. Yeye anajua vile vipande vya embe vilivyokaushwa, vikakolezwa pilipili, chumvi, sukari na rangi nyekundu inayobaki kwenye vidole na ulimi mpaka jioni. Mwambie mtu wa Unguja neno hilo hilo, ataona chupa ya ndimu au embe mbichi iliyokolea pilipili, inayosubiri pilau. Na kuna ile ya tende, nzito, tamu na chachu kwa pamoja, ambayo ukiikuta kwenye biriani la shughuli unasahau adabu na kurudia mara tatu.

Zote ni ndugu. Jina lenyewe limesafiri katika Bahari ya Hindi pamoja na chakula chake: Waajemi na Wahindi wanasema "achar", sisi tukaongeza irabu mwishoni na kulifanya letu.

Ndugu mmoja katika ukoo huu anawafaa sana wasomaji wa kurasa hizi, kwa sababu anatoka harusini moja kwa moja. Wahindi wa jamii ya Parsi wana achari inayoitwa "lagan nu achar". Kwa Kigujarati "lagan" ni ndoa, kwa hiyo jina lake ni achari ya harusi, basi. Ndani yake mna karoti zilizokwaruzwa, tende, zabibu kavu, aprikoti kavu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili nyekundu, sukari guru na siki.

Karamu ya harusi ya Parsi huliwa juu ya jani la mgomba. Kabla samaki hajafika, kabla ya kuku na wali, vinavyotangulia kwenye jani ni mkate mwembamba unaofanana na chapati na kijiko cha achari hii. Mgeni anafungua kinywa kwa utamu, uchachu na ukali kwa pamoja. Aliyewahi kukaa kwenye ndoa walau mwaka mmoja ataona kuwa wazee hao walijua wanachokifanya.

Usidhani ni mambo ya mbali. Parsi ni wafuasi wa dini ya Zarathustra ambao wazee wao walihama kutoka Uajemi kwenda Gujarat zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Baadaye baadhi yao walivuka bahari hadi Unguja, wakafanya kazi na kuzaa watoto hapo. Mmoja wa watoto hao ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Na ukiitazama orodha ya vitu vya achari yao, hakuna kinachoshinda soko la Darajani wala Kariakoo.

Kwa nini inawezekana upesi?

Achari ya embe mbichi au ndimu inataka subira. Lazima chumvi ivute maji kutoka kwenye tunda, chupa ikae juani, na siku au hata wiki kadhaa zipite kabla ukali haujatulia. Kwa mtu anayetoka ofisini saa kumi na mbili, hiyo ni habari ya wikiendi isiyofika.

Tunda kavu limeshakufanyia nusu ya kazi. Maji yake yametolewa zamani, juani au kwenye mashine. Ukiliweka kwenye siki ya moto yenye sukari na viungo, linafanya kama sifongo: linakunywa. Ndani ya dakika chache zabibu iliyokunjamana inavimba, na unapoiuma inapasuka na kutoa uchachu, mdalasini na moto wa tangawizi. Wapishi wa harusi za Parsi huipika mapema kabla ya siku yenyewe ili ikolee vizuri. Sisi tunaichukua njia fupi: unapika leo, unakula kesho.

Sokoni

Tende. Chagua zile laini kiasi, si lazima ziwe za bei mbaya za kwenye maboksi ya zawadi. Tende za kawaida za kupimwa zinatosha kabisa. Angalia tu zisiwe na wadudu wala harufu ya uchachu.

Zabibu kavu. Nyeusi au za dhahabu, zote sawa. Zioneshe vidole vyako: zikiwa ngumu kama kokoto, zimekaa dukani mno.

Embe kavu. Hapa ndipo tunapoiacha aprikoti ya Parsi na kuweka cha kwetu. Embe, nanasi na ndizi zinakaushwa hapa hapa nyumbani, na unazipata supamaketi na kwenye maonyesho ya wajasiriamali. Tafuta lisiloongezwa sukari. Ukipata aprikoti, weka nusu kwa nusu.

Siki. Soma lebo. Unataka siki ya chakula yenye tindikali asilimia 5. Chupa isiyoeleza nguvu yake iache pale pale dukani.

Viungo. Nunua vizima, si vya unga. Unga hufanya shira iwe na matope na harufu yake haidumu.

Utakavyohitaji (chupa mbili za jemu)

• Karoti 3 za wastani, zilizomenywa na kukwaruzwa
• Tende 10, toa kokwa, kata kila moja vipande vinne
• Zabibu kavu nusu kikombe
• Embe kavu gramu 80, likatwe vipande vyembamba
• Siki kikombe 1 (mililita 250)
• Sukari guru iliyopondwa, robo tatu ya kikombe (kama hamna, tumia sukari ya kawaida)
• Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai
• Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba, ikatwe kama njiti za kiberiti
• Kitunguu saumu punje 4, zikatwe vyembamba
• Pilipili nyekundu kavu 4, nzima, zisipasuliwe
• Mdalasini kijiti 1, iliki 4 zilizopondwa kidogo, karafuu 4, pilipili manga punje 8
• Bizari nyembamba, ile ya pilau, kijiko 1 cha chai

Namna ya kupika

1. Osha chupa na vifuniko kwa sabuni, kisha chemsha chupa kwenye maji kwa dakika 10. Zitoe, zigeuze juu ya kitambaa safi zikauke zenyewe.

2. Suuza matunda makavu kwa maji ya uvuguvugu, upesi upesi, kisha yakaushe kwa kitambaa. Usiyaloweke. Tunataka yanywe siki, si maji.

3. Weka mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga na bizari kwenye sufuria kavu, moto mdogo, kwa dakika moja. Harufu ikishapanda, toa. Bizari ikiungua inakuwa chungu, na uchungu huo hautoki tena.

4. Mimina siki, sukari guru na chumvi, kisha rudisha viungo. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote na mchanganyiko uanze kuchemka. Usiinamie sufuria wakati huu, mvuke wa siki unapanda mpaka machoni. Fungua dirisha.

5. Ongeza karoti, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Punguza moto, acha vichemke taratibu kwa dakika 10.

6. Sasa weka tende, zabibu na embe. Dakika 5 mpaka 7 zinatosha. Ukiona zabibu zimevimba na shira inashika kijiko kama asali nyepesi, zima. Isikudanganye kwa kuonekana nyepesi, ikipoa itakuwa nzito zaidi.

7. Jaza kwenye chupa ingali moto. Hakikisha matunda yamezama kwenye shira. Funika, acha ipoe, kisha weka kwenye friji.

Mnaweza kuonja kesho yake, lakini siku ya tatu ndiyo siku yake. Siki inakuwa imetulia, karafuu na mdalasini vimeingia ndani, na huwezi tena kusema hii ni tende na hii ni siki.

Kazi ya wawili

Tunalisema wazi: hii si makala ya akina dada peke yao. Kazi zilizomo zinagawanyika zenyewe. Mmoja anakwaruza karoti na kukata tangawizi. Mwingine anatoa kokwa za tende na kukata embe. Halafu mmoja anasimamia sufuria wakati mwenzake anaandaa chupa. Kaka, usije ukajifanya kazi yako ni kuonja.

Kubwa zaidi ni lile la ladha. Tuseme mmoja amekulia Tanga, kwao wali bila kitu kichachu pembeni ni sawa na chai bila sukari. Mwingine amekulia Iringa, kwao mboga ni mboga na pilipili haikuwahi kuwa lazima. Wameoana, wanapendana, na kila siku mezani mmoja wao anameza tu ili yaishe. Mambo haya yanaonekana madogo. Lakini mtu anayekula chakula cha mwenzake miaka mitatu bila kusema neno, siku akisema, halisemi la chakula peke yake. Linatoka pamoja na mengine kumi.

Achari inawapa nafasi ya kulizungumza jambo hili mapema, tena mkiwa mnacheka. Kabla hamjaweka matunda, kila mmoja achukue tone la shira kwenye kijiko chake, alipulize, aonje. Anayeona imezidi uchachu aseme. Anayeona imezidi utamu naye aseme. Sukari guru inaongezwa kijiko kimoja kimoja mpaka wote wawili mkubaliane. Siki msiipunguze, sababu yake inakuja hapo chini.

Na pilipili? Ndiyo maana tumesema ziachwe nzima. Pilipili kavu isiyopasuliwa inatoa harufu na joto kidogo tu kwenye shira. Mtu wa Tanga atachota pilipili yake, aipasue kwenye sahani yake mwenyewe na kutokwa jasho kwa raha zake. Mtu wa Iringa atachota tende na embe. Chupa ni moja, hakuna aliyeshindwa.

Mambo ya usalama, msiyaruke

Siki ndiyo mlinzi. Vijidudu hatari vinavyosababisha sumu kwenye vyakula vya chupa, ikiwa ni pamoja na vile vya botulizimu, haviwezi kukua kwenye chakula chenye tindikali ya kutosha, yaani pH iliyo chini ya 4.6. Ukipunguza siki na kuongeza maji kwa sababu "imekuwa kali", umemfukuza mlinzi. Ukali punguza kwa sukari.

Sufuria isiwe ya alumini. Zile sufuria nyepesi tulizozizoea hazipatani na siki. Tindikali inaila alumini, chakula kinapata ladha ya chuma na sufuria inachakaa. Tumia ya stili isiyoshika kutu, au ile iliyopakwa enameli isiyobanduka.

Hii ni achari ya friji. Haijafungwa kwa utaalamu wa viwandani, kwa hiyo isikae kabatini miezi sita. Ihifadhini kwenye friji, iliwe ndani ya wiki nne. Umeme ukikatika kwa saa chache hakuna shida, siki na sukari zinailinda. Mkiona ukungu, mapovu au harufu ya ajabu, tupeni chupa yote. Msikwangue juu na kula chini.

Kijiko kikavu, kisafi, kila mara. Kijiko kilichotoka kwenye maharage kisiingie kwenye chupa. Sheria hii iwahusu na mashemeji.

Kitunguu saumu na mafuta. Wapo wanaopenda kumwagia mafuta juu ya achari. Kwa hii msifanye hivyo. Kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji ni mahali pazuri pa botulizimu kukua.

Wenye pumu. Embe kavu au aprikoti yenye rangi ya chungwa inayong'aa sana mara nyingi imetiwa dioksidi ya salfa ili isigeuke kahawia, na dawa hiyo inaweza kumsumbua mwenye pumu. Soma lebo, au nunua ile ya kahawia. Haivutii macho lakini ladha iko pale pale.

Sukari na presha. Tende, zabibu na sukari guru zote ni sukari, na chumvi imo. Kijiko kimoja au viwili pembeni ya sahani vinatosha. Mwenye kisukari aihesabu kama anavyohesabu kitu kingine chochote kitamu.

Iliwe na nini?

Tuanze na wali maharage, maana ndiyo tulioukimbia. Maharage yana ulaini na uzito, achari inaleta kitu kinachouma na kuchangamsha ulimi. Pilau na biriani hazihitaji maelezo. Kwa samaki wa kukaanga, tumia shira zaidi na matunda kidogo. Kwa mihogo ya kuchemsha, jaribuni hata kama mnadhani haiendi. Inaenda.

Asubuhi, chapati iliyobaki jana ipake achari, ikunje, ibebe ofisini. Wikiendi mkichoma nyama, wekeni bakuli katikati ya meza na muone inavyokwisha. Na matunda yakiisha chupani, msimwage shira iliyobaki. Ipakeni kwenye kuku kabla hajaingia jikoni. Sukari yake inaungua haraka, kwa hiyo moto uwe wa taratibu.

Chupa ya pili

Mapishi haya yanatoa chupa mbili kwa makusudi. Ya kwanza ni yenu. Ya pili bandikeni karatasi, andikeni tarehe mliyopika na siku ya mwisho ya kula, kisha mpelekeeni mtu. Mama mkwe ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kama yeye ndiye aliyekuwa akisema mwanawe "huko mjini anakula mikate tu". Mpelekeeni pamoja. Na akiuliza nani kapika, jibuni kwa umoja wenu: "Tumepika sisi, mama."

Kisha kaeni kimya mumsikilize anavyoonja. Mama yeyote wa pwani atawaambia kilichopungua, na chupa ya mwezi ujao itakuwa bora zaidi.